Nilinunua kamera kabla ya kujua kuelea

Ulikuwa unywele mmoja tu, tena wangu mwenyewe, umelala juu ya oringi, mpira unaozuia maji kuingia kwenye kasha la kamera. Sikuuona. Nililifunga kasha nikiwa nimekaa kwenye mashua, jua la saa nne linanichoma mgongo na mawimbi yananirusha, nikaingia nalo majini mbele ya Utende, kisiwani Mafia. Baada ya dakika kama tano niliona vipovu vikipanda kutoka pembeni mwa kasha, nikadhani ni hewa iliyonasa kwenye vifungo. Nilipolipandisha juu, maji yalikuwa yamefika nusu ya lenzi.

Hiyo ilikuwa Julai 2021. Kamera niliinunua kwa mtu, imetumika lakini nzima, shilingi milioni moja na laki sita. Kasha lake niliagiza kwa milioni mbili na laki moja. Kasha kuwa ghali kuliko kamera ni jambo la kawaida kwenye kazi hii, na ni vizuri ulijue mapema. Fedha zilitoka kwenye kikoba chetu cha Temeke. Kamera ilikufa siku ya pili ya safari, marejesho ya mkopo niliyalipa kwa miezi saba.

Kazi yangu ni picha za harusi. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilialikwa kupiga harusi Kilindoni, kisiwani humo humo Mafia, na mjomba wa bibi harusi, nahodha wa siku nyingi, akanionyesha kwenye simu yake video ya mgongo mkubwa wenye madoa meupe ukipita kando ya boti. "Papa potwe huyo," akaniambia. "Sisi tunamwona juu tu. Chini alivyo, Mungu ndiye anajua." Maneno hayo sikuyasahau. Nikarudi Dar es Salaam nimeshaamua kwamba nitampiga picha huyo mnyama kutoka chini, na nitaileta kwa mjomba. Jambo la kwanza nililofanya likawa kununua kamera. Kuogelea sikujua. Nilijua kujimwagia maji ufukweni Kigamboni kama wengi wetu.

Kosa la pili lilikuwa majira. Nilikwenda Julai kwa sababu Julai nilikuwa na nafasi, wala sikuuliza. Kumbe huo ni wakati wa kusi, upepo unavuma siku nzima na bahari ya upande wa Kilindoni inachafuka. Papa potwe huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi, pale upepo unapolegea na uduvi kujazana karibu na pwani. Mjomba alicheka kwa huruma nilipompigia simu nikiwa tayari kwenye boti ya kuvuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia. "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Kwa msimu huu nenda Chole, ghuba ile imekingwa, utaona matumbawe. Potwe mwache hadi kaskazi." Ukitaka kwenda, mpigie mvuvi kabla hujamlipa mtu yeyote. Muulize upepo, muulize na mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo kwenye Kinasi, mlango wa ghuba hiyo, unabeba mtu kama jani, na maji yanapotoka yanakuja na tope. Maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ndiyo rafiki wa mgeni.

Kosa la tatu linaniuma kuliko kamera. Siku ile ile, nilipoona maji yameingia kwenye kasha, niliogopa, nikatafuta pa kusimama. Nikasimama juu ya matumbawe. Tawi lenye upana wa mkono wangu likavunjika chini ya pezi langu la mpira, nikasikia mlio wake, mkavu, kama kuni. Kijana aliyetuongoza hakunigombeza. Aliliokota, akaliegemeza mahali pake, akaniambia baba yake aliona mwaka 1998 jinsi joto lilivyoyafanya matumbawe kuwa meupe na mengi yakafa, na kwamba yaliyobaki wanayahesabu kama mbuzi zizini. Matumbawe mengine, yale ya mviringo, hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kiingilio hutozwa kwa siku, na mimi sikukipigia hesabu, kwa hiyo hata nauli ya kurudi nilikopa.

Nieleze la oringi kikamilifu, maana ndilo nililoulizwa mara nyingi zaidi. Ni ule mpira mwembamba unaozunguka mlango wa kasha, na ndio pekee unaotenganisha kamera na bahari. Unywele, punje ya mchanga, uzi wa kanga, chochote kikikaa juu yake, maji yamepata njia. Sasa kasha nalifunga nyumbani asubuhi, chumbani, feni ikiwa imezimwa, nywele zimefungwa kilemba. Oringi naitoa kwa kidole, si kwa kisu wala pini. Naipitisha katikati ya vidole kuisikiliza kama ina punje, naifuta, naipaka grisi ya silikoni kidogo sana, hadi ing'ae tu, kisha naimulika kwa tochi mzunguko mzima kabla ya kufunga. Kasha halifunguliwi juu ya boti, hata betri ikiisha. Na kasha jipya au lililokaa muda mrefu nalizamisha kwanza likiwa tupu, karatasi laini ya chooni ndani yake. Likitoka na karatasi kavu, ndipo kamera inaingia. Laiti ningefanya hilo jaribio moja.

Maji yakiingia licha ya yote, lielekeze kasha lenzi ikiwa chini ili maji yakae mbali na mwili wa kamera, panda juu taratibu, zima, toa betri na kadi. Usiiwashe "kuangalia kama inafanya kazi". Mimi niliiwasha. Pia niliizika kwenye mchele usiku kucha, na mchele haukusaidia kitu, kwa sababu tatizo ni chumvi, na chumvi haikaushwi. Betri iliyolowa maji ya bahari usiilaze chumbani unapolala, inaweza kushika moto.

Basi nikarudi mjini bila kamera, na hapo ndipo nilipoanza pale nilipopaswa kuanzia. Nikatafuta mwalimu wa kuogelea. Miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi kabla bwawa halijajaa watu, nikiwa na nguo ndefu ya kuogelea inayositiri. Wanawake wenzangu mnaosita kwa sababu ya mavazi, msisite. Nguo hiyo ndiyo wazamiaji wenyewe wanavaa kujikinga na jua na konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha. Kwenye maji yenye uduvi mwingi ndimo konyeza wadogo walimo, na aliyevaa nguo fupi hutoka amechorwa mwili mzima. Wiki ya kwanza nililia. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne na watoto wa darasa la pili walikuwa wananipita. Wiki ya tisa niliweza kulala chali juu ya maji nikisikia moyo wangu, na mwalimu akasema, "Sasa tunaweza kuanza."

Baada ya hapo nilichukua mafunzo ya kuzamia kwa mitungi ya hewa. Kwa ada, vitabu na kukodi vifaa nilitumia zaidi ya milioni moja. Cheti cha kwanza kinakuruhusu kushuka hadi mita 18, na kwa picha za matumbawe hutahitaji zaidi, kwa kuwa mwanga mzuri wote uko juu ya hapo. Kanuni ya kwanza kufundishwa ni kutobana pumzi, kwa sababu ukipanda huku umebana, hewa inatanuka na inaweza kupasua mapafu. Hapa wapiga picha tunahitaji onyo la peke yetu. Miaka kumi na miwili ya harusi imenifundisha kubana pumzi kila ninapobonyeza ili mkono utulie. Mwili umelizoea, haukuulizi. Kwenye zamio langu la nne mwalimu alinishika bega na kunionyesha kwa ishara kwamba mapovu yangu yamekoma. Kwa wiki nyingi nilifanya mazoezi sebuleni, kamera usoni, natoa pumzi polepole huku nabonyeza, hadi mkono ukakubali.

Mafua nayo si jambo dogo. Nilishuka siku moja na mafua kwa kuona aibu kuahirisha, wakati nimeshalipia boti. Sikio la kushoto liliziba kwenye mita tatu, nikalilazimisha. Nilikaa wiki mbili nasikia kama nimo ndani ya mtungi, na daktari alinikataza maji kwa mwezi mzima. Fedha ya boti ilikuwa imepotea tayari, sikio ningeliacha salama. Na mwenye kurudi kwa ndege baada ya kuzamia kwa mitungi apange siku ya mwisho ya kukaa nchi kavu. Mwalimu wangu alitaka angalau saa 18.

Mwanga chini ya maji nilidhani naujua. Kabla ya zamio moja nilikuwa nimetoka kwenye harusi nikiwa na hina mikononi, nyekundu inayong'aa. Kwenye mita kumi nikaitazama: rangi ya tope. Bahari hula wekundu kwanza, mita chache tu za mwanzo, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano, inabaki buluu na kijani. Hakuna kamera inayoweza kurudisha rangi ambayo haikufika. Hivyo ama unabeba mwanga wako, ama unabaki karibu na juu, na vyovyote vile unasogea. Maji kati yako na samaki ndiyo yanayoharibu picha. Nilitupa mamia ya picha nilizopiga kwa mbali kwa kuvuta lenzi, zote zimefifia kama zimepigwa nyuma ya pazia. Sasa natumia lenzi pana na nasogea hadi hatua moja, au sipigi. Napiga faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, na mizani ya weupe, ile inayoiambia kamera nyeupe ni ipi, naipanga kule kule chini kwa kutumia kibao cheupe. Flashi iliyobandikwa juu ya kamera niliiacha, kwa sababu inamulika kila chembe iliyo mbele ya lenzi, na picha inatoka kama mtu amepuliza unga. Taa inakaa kwenye mkono wa pembeni, mbali na lenzi.

Novemba 2022 nikarudi Kilindoni. Kamera nyingine, ndogo na ya bei nafuu, kasha lile lile, oringi mpya. Papa potwe wanakaa upande huu wa magharibi, nje ya mipaka ya hifadhi, mahali pale pale wavuvi wa ringineti wanapozungusha nyavu zao, kwa kuwa wote wanafuata chakula kimoja. Mjomba aliona pezi saa mbili na nusu asubuhi. Kijana wa boti akasema, "Dada, tayari?" nikaruka kabla hajamaliza.

Nilimwangukia karibu mbele ya uso. Mita sita za mnyama, kinywa kipana kama beseni la kufulia, na mimi nikampigia mapezi kwa nguvu zangu zote, kamera mbele, kama ninavyomkimbilia bibi harusi anaposhuka kwenye gari. Nakumbuka jicho lake, dogo, pembeni kabisa ya kichwa. Nilipomkaribia lile jicho lilizama ndani ya tundu lake na kubaki tundu jeupe. Kisha akainamisha kichwa, mkia ukapiga mara moja, akashuka gizani. Nikatoka na picha kumi na saba za mkia na mapovu yangu mwenyewe.

Watalii wa boti mbili nyingine waliokuwa wanasubiri zamu yao hawakumwona tena siku ile. Mjomba alingoja hadi tumerudi na nimekunywa chai. "Mwanangu, mgeni akiingia kwako anakimbia moja kwa moja hadi chumbani?" Nikasema hapana, mjomba. "Huyu yuko mezani anakula. Piga hodi." Akanieleza wanavyofanya: boti inampita mbali, inakuzungusha hadi mbele ya njia yake, mashine inazimwa, unaingia kwa kuteleza bila kishindo, unalala juu ya maji pembeni ya njia, na unasubiri. Mita tatu kutoka mwilini, nne kutoka mkiani. Hakuna kugusa wala flashi, na watu huingia wachache kwa zamu.

Siku nne zilizobaki niliingia bila kamera. Aliyenishauri ni yule kijana, na mwanzoni nilikasirika, maana kila siku ya boti ilikuwa fedha. Lakini mikono mitupu ndiyo iliyonifundisha kutazama. Niliona chazo wamejibandika tumboni mwake. Niliona samaki wadogo wa manjano wenye mistari wakiogelea mbele kabisa ya kinywa, hawaliwi. Niliona anavyopinda kushoto na kulia kufuata wingu la uduvi, na baada ya muda nikaanza kukisia atapinda wapi. Kwenye harusi namwambia mtu inua kidevu, geuka huku, rudia. Hapa mimi ndiye niliyeanza kugeuzwa.

Jioni moja ya safari nyingine, nikiwa tena na kamera, nilikutana na watafiti wanaowatambua papa potwe kwa picha. Madoa ya kila mmoja hayafanani na ya mwingine, kama alama za vidole, na kinachotazamwa ni ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani. Programu inayolinganisha madoa hayo ilitokana na hesabu za wanaastronomia za kutambua nyota angani. Pia, kwa vifaa vya sauti walivyowafunga baadhi yao, watafiti walijua kwamba wengi hawahami Mafia. Msimu ukiisha wanakwenda mbali kidogo na pwani na kukaa chini zaidi. Kwa hiyo Julai ile nilipokuwa nalaumu bahari kuwa tupu, huenda walikuwepo. Nilifungua picha zangu zote kuwaonyesha. Zilizotoka wazi zilikuwa za upande wa kulia. Tangu hapo kila ninapolala majini nahakikisha nitakuwa kushoto kwake. Papa potwe wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2016, na picha moja nzuri ya upande sahihi ina kazi kubwa kuliko kupendeza.

Nilijifunza pia pa kutopiga. Kwenye kisiwa kidogo cha Juani, jirani na Mafia, nilikwenda kuona vitoto vya kasa vikitoka mchangani jua likiwa linazama. Vinafuata mwangaza wa bahari, na taa ya simu moja inatosha kuvipotosha hadi vichakani. Kamera ilikaa kwenye mkoba. Nimevibeba kichwani tu, jinsi kila kimoja kilivyosimama kidogo kabla ya wimbi la kwanza.

Januari 2024, siku ya tatu, maji yalikuwa kijani kizito kwa uduvi, naona mita sita au saba tu. Mjomba alizima mashine mapema zaidi ya kawaida. Nikateleza majini, nikalala, nikatoa pumzi yote kwenye kipumulio. Sikuona kitu. Kisha kijani kikaanza kuwa na madoa. Alikuja polepole, kinywa wazi, akafunga, akafungua, na kila alipofunga niliona maji yakitoka kwenye matamvua yake matano. Sikupiga pezi hata mara moja. Alipofika usawa wangu alipinda kidogo, akanipita ubavu wake wa kushoto ukiwa upande wangu, na jicho lile dogo likanitazama wala halikuzama. Nilibonyeza mara sita. Ya nne ndiyo yenyewe: jicho, matamvua, anga lote la madoa, na ukingo wa pezi la mgongoni ukiwa na pengo kama limekatwa kwa msumeno.

Niliisafisha Dar es Salaam, nikaikuza hadi upana wa meza, nikaipeleka Kilindoni mwenyewe. Mjomba alikuwa anashona wavu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akafuta mikono kwenye kikoi kabla ya kuipokea. Aliitazama kwa muda mrefu. Akapita na kidole kwenye jicho, akashuka matamvua, akapanda hadi kwenye lile pengo la pezi, kidole kikasimama.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu aliingia kwenye wavu wetu. Kamba ilimkaba hapa. Niliikata kwa kisu, nikamwona mgongo tu akienda." Akaigeuza picha kuelekea mlangoni ipate mwanga zaidi. "Kumbe ana macho madogo hivi."